Mashine ya Kumu Tihomir

Mjini Zrenjanin, si mbali na Belgrade, mtu aliyetaka kununua spika au runinga ya maana alimuuliza Nevenka kwanza. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwanamke mfupi, mpole wa maneno, na kwa miaka mingi alikuwa akiliandikia jarida dogo la wapenda sauti na picha. Alipewa chombo, akakaa nacho nyumbani, akakisikiliza na kukitazama mpaka akakizoea, kisha akaandika alichokiona bila kukipaka asali. Wenye maduka wawili wa Belgrade waliacha hata kumsalimu kwa sababu hiyo. Alisema salamu zao hazikuwa zikimshibisha.

Sebule yake ndiyo iliyokuwa sinema yake. Ukuta mmoja ulipakwa rangi nyeupe kwa ajili ya picha, mapazia mazito alishona mwenyewe, na spika zilizunguka makochi pande zote. Mumewe, Živojin, alijigonga goti kwenye mojawapo karibu kila alipokwenda jikoni, na kila mara aliiomba radhi kwa heshima kama mgeni wa nyumba.

Majani yalipoanza kupukutika mwaka huo, Tihomir alibisha hodi akiwa amekumbatia sanduku kifuani kama mtu anayempeleka mtoto kubatizwa. Tihomir alikuwa kumu wao. Ndiye aliyewasimamia siku ya harusi, ndiye aliyempa binti yao jina, nao pia walimwita hivyo hivyo, kumu, kama alivyowaita yeye. Kwa watu wa huko kumu ni zaidi ya rafiki. Husema kumu si kifungo cha shati, kwamba ukikipoteza utashona kingine.

"Nimeimaliza," Tihomir alisema, akaliweka sanduku mezani.

Nevenka hakuhitaji kuuliza ni nini. Tangu kiwanda cha redio alikokuwa mhandisi kilipofungwa, Tihomir alikuwa akijifungia gerejini na ndoto moja: mashine ya kucheza diski za kila aina, za muziki na za filamu, za zamani na za sasa, na kuzicheza vizuri kuliko mashine yoyote ya dukani.

"Inakula kila kitu cha duara," alisema. "Ukiipa sahani ya supu, itajaribu."

"Na sauti?"

"Sauti utaniambia wewe. Kuna bwana mwenye duka Belgrade, anasema ataichukua aiuze, ila anangoja kwanza utakachoandika."

"Nitaandika nitakachosikia, kumu."

"Nimemwambia hivyo hivyo."

Nevenka alianza na muziki, kama kawaida yake. Aliweka diski ya kinanda aliyoijua kama ajuavyo ngazi za nyumba yake, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha alikuwa ameketi wima. Kinanda kilikuwa chumbani. Alisikia kidole kikiinuka, alisikia mpigaji akivuta pumzi. Akaweka diski ya tarumbeta na ngoma, akaweka ya zamani iliyochubuka ambayo mashine nyingine huikataa, na zote zikacheza. Alimwita Živojin atoke bustanini na viatu vyake vya matope.

"Sikiliza," alimwambia.

Živojin alisikiliza akiwa amesimama juu ya gazeti. "Huyu mzee wetu ni mchawi," alisema.

Kesho yake ikawa zamu ya filamu. Nevenka alifunga mapazia. Picha ilikuwa safi ya kushangaza: weusi ulikuwa weusi kweli, ukungu ulitanda taratibu bila mistari, nyuso za watu zilikuwa na damu. Kisha ikaja sehemu ambayo mama na mwanawe wamekaa gizani bila kusemezana, na katika ukimya ule Nevenka akasikia kitu. Mlio mwembamba, wa juu, kama mbu aliye chumba cha pili.

Alisimamisha filamu. Mlio ukaendelea. Alitoa diski, ukanyamaza. Aliweka diski ya muziki, haukuwepo. Akarudisha ya filamu, ambayo huzunguka kwa kasi zaidi, mbu akarudi.

"Živojin, unasikia?"

"Nasikia njaa."

"Zima friji."

"Friji imekosa nini?"

Alizima friji, taa, na saa ya ukutani akaitoa betri. Živojin alitega sikio, akakunja uso, akatikisa kichwa. Yeye hakusikia chochote. "Labda ni masikio yako," alisema. "Na nyama ikiharibika, wewe ndiye utakayemweleza mama yangu Jumapili."

Nevenka alitamani iwe ni masikio yake. Lakini aliirudia sehemu ile siku nzima, na mbu hakuondoka. Jambo lililomsumbua zaidi halikuwa mlio wenyewe. Tihomir alikuwa mtu wa kuvunja kazi ya mwezi kwa kasoro ndogo kuliko ile. Angewezaje kuuacha?

Aliwaalika chakula cha mchana, Tihomir na mkewe Ruža, aliyekuwa mkutubi mpaka alipostaafu. Baada ya supu na sarma, majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, aliwaketisha makochini na kuwawekea sehemu ile ya ukimya. Tihomir alifumba macho akitabasamu, kama mtu aliyeota jua. Ruža, kando yake, aligeuza kichwa kuelekea mashine, akaweka kidole sikioni. Kisha akamtazama Nevenka, na wanawake hao wawili wakaelewana.

Jikoni, Ruža alichukua taulo la vyombo akaanza kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Tangu mwaka jana hasikii birika likipiga mbinja," alisema kwa sauti ya chini. "Wala ndege. Mimi hulizima birika, nikanyamaza. Anadhani najua tu wakati wake."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mtu aliyeishi kwa masikio yake, umwambie nini? Nevenka, mama, usiandike. Sifia tu sauti, inastahili. Hayo mengine yapite."

"Mwenye duka atausikia siku ya kwanza, Ruža. Wanunuzi watausikia. Watamcheka mtu wasiyemjua."

Ruža aliiweka sahani kabatini, akaifungua tena kabati, akaipanga upya.

Nevenka alirudi sebuleni akaketi karibu na kumu wake. Hakuzungusha maneno. Alimwambia kinanda kilimtoa machozi, alimwambia picha kama ile hajaiona maishani, na alimwambia kuna mlio.

"Hakuna," Tihomir alisema.

"Upo, kumu. Diski ya filamu ikizunguka."

"Nimekaa na mashine hii kuliko nilivyokaa na mke wangu. Ingekuwa na mlio ningeusikia." Aligeuka. "Ruža, kuna mlio?"

Ruža alisimama mlangoni na taulo lake. "Upo, Tihomir," alisema. "Na birika pia hulia."

Tihomir aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Kisha akainuka, akachomoa nyaya zake polepole, akaviringisha kila mmoja, akaibeba mashine akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye ndoano.

Wiki zikapita bila neno. Nevenka hakuandika chochote. Živojin alipita barabara ya kumu mara kadhaa na kofia mkononi, akarudi nayo. Alisema taa ya gereji inawaka mchana kutwa.

Ndipo ikafika siku ya Mtakatifu Nikola, slava ya nyumba ya Tihomir, siku ambayo kila nyumba yenye mtakatifu huyo kama mlinzi wake huwasha mshumaa na kupokea wageni.

"Hajatuita," Nevenka alisema.

"Tangu lini slava ina kadi ya mwaliko?" Živojin alikuwa amekwisha kuvaa tai. "Anayekumbuka siku huenda. Twende. Kofia yake nayo irudi kwao."

Tihomir mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Aliichukua kofia, akaivaa humo humo ndani, akawapa kila mmoja kijiko cha ngano tamu kama ilivyo desturi. Baada ya chakula, Tihomir alimshika Nevenka kiwiko.

"Njoo gerejini," alisema.

Gerejini palikuwa na viti viwili. Juu ya kimoja kulikuwa na sufu na sindano za kufumia za Ruža na kikombe chake cha kahawa.

"Yeye husikiliza," Tihomir alisema. "Mimi nageuza bisibisi, yeye ananyoosha kidole. Kikipanda, nimeharibu. Kikishuka, naendelea. Ilikuwa mota, kumu. Kibano chake kilikuwa kikitetemeka. Nimekifanya upya mara sijui ngapi."

"Miaka yote ya ndoa sikuwahi kukaribishwa humu," Ruža alisema nyuma yao. "Sasa sitoki. Sarma za leo amepika yeye."

"Ndiyo maana Živojin anakunywa maji sana," Nevenka alisema.

"Na habari ya daktari wa masikio je, umemwambia Nevenka?" Ruža alimuuliza mumewe.

"Amenipa kile kidude. Ninacho, kimo mfukoni."

"Mfuko hausikii."

Tihomir alikitoa, akakigeuza vidoleni kwa dharau ya fundi anayetazama kazi ya mwenzake, kisha akakivaa sikioni. Nevenka aliweka diski ya filamu. Walikaa wote wanne, Živojin juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbu hakuwepo. Nevenka alisogea mpaka shavu likakaribia kugusa chuma, kimya. Kwenye picha mtu alikuwa akitembea shambani peke yake, na Tihomir akainua mkono ghafla.

"Hiyo nini? Hiyo chwi chwi chwi. Mnaisikia? Ni kasoro nyingine?"

"Ni mvua, kumu," Nevenka alisema. "Inanyesha kwenye majani."

Tihomir aliushusha mkono. Aliitazama mvua ile hadi ikakatika.

"Kwa hiyo utaandika," alisema baadaye.

"Nitaandika. Na droo yake inakawia kufunguka. Hilo nalo nitaliandika."

"Inakawia kwa sababu ina adabu."

"Nitaandika inakawia."

Aliandika vyote, kinanda, weusi, ukungu na droo, na makala ikatoka kabla ya theluji kuyeyuka. Mwenye duka wa Belgrade alichukua mashine chache tu, pungufu ya zile alizokuwa amezitaja kwa mdomo. Tihomir hakulalamika sana. Alisema kwa kasi ya Ruža wasingeweza kutengeneza zaidi, maana siku hizi mama huyo hakubali mashine itoke gerejini mpaka amalize safu nzima ya ufumaji wake akiwa ameketi kando yake akisikiliza, na sweta anayofuma ni ya Živojin, mtu mpana.