Askari Niliowaosha

Ndugu yangu mdogo alikuwa fundi wa meno ya bandia hapa Eldoret, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa fundi wa maiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita maiti. Walikuwa askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba, wa vita vya Wazungu vya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wale wa makoti marefu na kofia za pembe tatu. Alikata vichwa vyao kwa wembe, akaweka mafuvu aliyoyachonga kwa ile plastiki ya kutengenezea meno. Yeye na rafiki yake, mwalimu wa chuo kikuu aliyeishi Kesses, walipiganisha majeshi yao juu ya meza yetu kwa rula na dadu. Jeshi la mwalimu lilikuwa la watu walio hai. Lake lilikuwa la waliotoka kaburini na sare zao.

Mimi niliishia darasa la nane. Nashona sare za shule, kwa hivyo mambo ya makoti alikuwa akiniuliza.

"Sista, koti ikizikwa na mtu, inaanza kuoza wapi?"

"Kwapani. Jasho limeshaianza kabla hajakufa."

Alicheka, akachukua sindano ya moto akatoboa makwapa ya kikosi kizima.

Halafu ini lake likaharibika. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano. Daktari alizungumza nasi sote wawili pamoja, na hakuficha. Tulipotoka pale hakulia. Alisema anataka kitu kimoja: jeshi lake liwe tayari, lote, askari sitini, apigane na mwalimu mara moja likiwa limekamilika. Walibaki ishirini. Aliwapaka rangi siku nyingi akiwa ameketi kitandani, akawapanga dirishani wakauke. Kesho yake akalazwa.

Nilikaa naye hospitalini wiki mbili, na nyumba yetu ya mtaa wa West Indies ilifungwa muda huo wote. Ilikuwa msimu wa mvua. Niliporudi kutayarisha nyumba, maana angeruhusiwa kesho yake na akina mama wa kanisa walikuwa wamesema watakuja kumwombea, nilikuta ukungu kila mahali. Ukungu kwenye ukuta, kwenye viatu, kwenye mkoba wangu. Na wale askari ishirini dirishani walikuwa na ukungu wa kijani mabegani, na matope kwenye mapindo, na vifungo vyenye kutu.

Sijawahi kumpa mtoto wa mtu sare chafu. Nilichukua beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na mswaki. Niliwasugua mmoja mmoja. Uchafu ulitoka vizuri sana, na nilifurahi kuona buluu ya makoti inarudi. Niliwarudisha dirishani wakiwa wamesimama sawasawa.

Akina mama waliimba, wakaomba, wakanywa chai. Mmoja aliwaona dirishani akauliza kama ni majini.

"Ni jeshi, Mama," ndugu yangu akamjibu kutoka kwenye kochi. "Lakini hawalipwi mshahara."

Walipoondoka aliomba nimpelekee askari wake. Aliangalia wa kwanza, akaangalia wa pili.

"Umewaosha?"

"Walikuwa na ukungu."

Alimgeuza yule wa pili, akamtazama mabegani. Kisha akaniuliza, "Ukungu wa kweli? Ulidhani ni wa kweli kabisa?"

"Ulikuwa kama ule wa ukutani."

Alitabasamu, na naweza kuapa kwamba kulikuwa na furaha katika lile tabasamu. Akanieleza kwamba ilikuwa chaki aliyoisaga na kuichanganya na unga wa rangi, akainyunyiza kwa brashi. Kilichobaki kilikuwa vanishi ya kuishikilia. Angeipaka siku ile aliyolazwa.

Nikamwambia aniambie namna ya kufanya, nitarudia. Yeye hangeweza tena kushika brashi. Alinielekeza siku tatu. Kidogo, sista. Usibonyeze. Gusa tu. Mimi mkono wangu umezoea makasi na pasi. Askari wangu walionekana kama watu waliomwagikiwa unga wa ugali. Niliwafuta nikaanza tena, nikawafuta, na kila siku alikuwa analala zaidi kuliko jana yake. Siku ya tatu alisema, "Wacha, sista. Inatosha." Sijui hadi leo kama alinisamehe au alichoka tu. Sikumuuliza, kwa sababu niliogopa angenijibu.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Tulimweka ndugu yangu kwenye kiti, mito pande zote. Wale ishirini aliagiza niwapange nyuma kabisa.

"Na hawa wasafi ni akina nani?" mwalimu aliuliza.

"Hao wamekufa jana. Bado mama zao hawajajua."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikwenda jikoni.

Walicheza chini ya saa moja. Ndugu yangu alianza kusinzia dadu ikiwa mkononi. Alisema watamalizia Jumamosi ijayo, watu wasiguse kitu. Mwalimu akaacha jeshi lake pale mezani, kila mmoja mahali pake. Jumanne asubuhi ndugu yangu alikufa.

Kufikia mchana nyumba ilikuwa imejaa, na akina mama walitaka meza ya kuwekea vikombe. Niliwaambia wangoje. Wakangoja, wakatazamana. Mwalimu alipofika nilimvuta hadi mezani, nikamwomba amalize ule mchezo haraka, hata vibaya, ili tuseme umekwisha.

Alishika rula, akairudisha mezani.

"Siwezi, sista. Ilikuwa zamu yake."

"Basi msogezee wewe. Unajua sheria."

"Sheria najua. Sijui alikuwa anataka kwenda wapi."

Mama mmoja alikuwa nyuma yetu na sinia ya vikombe, mikono ikimchoka. Mwalimu akaanza kuondoa watu wake, nami nikaondoa wa ndugu yangu, kila mtu na katoni yake. Kisha yule mama akatandika kitambaa.