Simu Iliyotupeleka Mansfield

Nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba ya Mkenya mwenzangu. Tulianzia Mansfield, karibu na Dallas, kisha bosi huyo akahamishia kazi Stafford, huku Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, akaja na simu zake zote. Zilikuwa simu za intaneti. Ukizichomeka popote, namba ni ile ile. Simu zetu za mkononi alizifungia kabatini tukiingia kazini.

Mchana mmoja, mzee niliyekuwa nikimlisha aliangusha kijiko. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande. Nikakimbilia simu ya mezani, nikapiga 911, namba ya dharura.

"Ambulansi inakuja hapo Mansfield," akasema mwanamke aliyepokea.

"Hatuko Mansfield. Tuko Stafford, karibu na Houston."

Akaniuliza tena, nami nikarudia. Ikabidi atafute wenzake wa huku, anihamishie kwao. Muda wote huo mzee alinikodolea macho, na kituo cha ambulansi kilikuwa mtaa wa pili tu.

Kesho yake alikuja fundi wa simu. Nilimuuliza ilikuwaje. Akaniambia kwamba zamani simu ilifuata waya wake hadi kwenye mtambo wa eneo lile. Hizi zetu, sauti inakatwa vipande vya data, na anayeunganisha ni programu kwenye kompyuta iliyo mbali, labda Dallas. Programu inaijua namba na inaona simu ikijisajili mtandaoni, lakini nyumba haiioni. Ukipiga 911, inafuata anwani aliyoandikisha mwenye simu.

"Nilimwambia bosi wako aibadilishe," akasema. "Siku ile ile nilipozifunga hapa."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa busy, sister. Nilisema nita-update baadaye. Na mzee si yuko hai?"

Alikuwa hai, ndiyo. Lakini hakutamka neno tena, na mkono wa kulia ulilala pajani kama si wake. Nilichukua simu ya pale pale mezani kwa bosi, nikampigia binti wa yule mzee, nikamweleza kila kitu bosi akisikia. Yule binti alimhamisha baba yake wiki hiyo. Mimi nilifukuzwa kabla hata sijashusha mkonga wa simu.

Tunasali kanisa moja na yule bosi. Ibada ikiisha hunijia na tabasamu, ananyoosha mkono. Sijaushika.