Mkono Usiofika Sikioni

Mjukuu wangu alikuja juzi na mwanawe mgongoni, akitaka kujua kama mtoto aanze chekechea mwaka huu au asubiri mwakani. Mwalimu yuko tayari kumpokea ingawa umri haujatimia, lakini mume hataki, na wamebishana mpaka wamechoka. Sasa anataka neno la mtu mzima. Nilimwambia amepotea njia, hapa hakuna neno. Alicheka. Alidhani namtania, maana mimi ni mtu wa kusema ovyo na ukoo wote unanijua hivyo.

Hilo jina lenyewe sijalizoea. Nikisikia chekechea, mimi nasikia kuchekecha: unga unapita, chenga zinabaki juu, unazitupia kuku. Vijana wananiambia siyo maana yake, nami siwabishii. Lakini enzi za Mdachi, nilipokuwa mke mchanga huku upande wa Zuzu, palikuwa na misheni ndogo ambayo leo imebaki mawe ya msingi tu, na ndani yake darasa la watoto wadogo. Darasa lile lilichekecha kweli.

Mwaka huo mvua ilitudanganya. Ilinyesha mwanzoni, tukapanda, kisha ikakata. Uwele ulifika magotini ukakauka umesimama, na tukaanza kula mlenda bila ugali, kitu ambacho mtu akikuona unakifanya anageuza uso ili asikuaibishe. Mume wangu aliswaga ng'ombe wetu wa mwisho kwenda upande wa Kondoa kuhemea, yaani kubadilisha ng'ombe kwa nafaka kwa watu wa milimani waliovuna. Kabla hajaondoka aliniachia neno moja. Mtoto asipelekwe misheni mpaka yeye arudi.

Mtoto tuliyekuwa naye alikuwa huyo mmoja, msichana. Nilikuwa nimezika wengine wawili kabla yake, wote kabla hawajatembea. Huyu alitembea, tena mapema, na alikuwa na mdomo kama wangu. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona watoto wa jirani walioingia misheni wakiwa wadogo, wakarudi nyumbani wageni, wanaona haya kula na baba zao. Alisema mtoto aje kuingia huko akiwa na akili ya kutosha kukumbuka kwao.

Mimi sikuwa na haja na kusoma. Niseme hivyo, maana siku hizi watu wakinisikia nilitaka kumpeleka mtoto shule enzi zile wananisifu kwamba nilikuwa na maono. Sikuwa na maono yoyote. Misheni ilikuwa inawapa watoto wa darasa dogo uji mchana, uji mzito wa mtama, nami nilitaka mwanangu anywe huo uji. Basi.

Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye kwenye tembe moja, alikataa kabisa. Alikuwa mwanamke mrefu, masikio yake yametogwa na kunyooshwa mpaka ndewe zake zinakaribia mabega, na alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Tulibishana tukiwa tunachambua majani, tukabishana tukiwa tunachota maji kwenye shimo la mchanga. Yeye hakusema habari za mume wangu hata mara moja. Alikuwa na hoja yake.

"Mtoto hajamaliza kusema Kigogo," alisema, "unataka kumtia maneno ya watu wa pwani. Atabaki hana hata moja."

Na ni kweli, mwanangu alikuwa bado anatamka hata jina la ukoo wake nusu. Nilimwambia tu kwamba mtoto mwenye tumbo tupu hasemi Kigogo wala kingine. Asubuhi moja nilimpaka mtoto mafuta yaliyobaki kwenye kibuyu, nikamchukua, naye akasimama mlangoni akitutazama bila kutuzuia.

Mwalimu wa misheni alikuwa kijana wa pwani mwenye kanzu nyeupe, mpole, wa kuongea taratibu. Hakuniuliza mtoto ana miaka mingapi kwa sababu alijua hakuna ambaye angemjibu. Walikuwa na kipimo chao. Mtoto anainua mkono, anaupitisha juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, amekua, aingie. Visipogusa, arudi nyumbani. Mwanangu aliinua mkono kwa madaha kama anacheza ngoma. Vidole viliishia kwenye nywele, juu kidogo ya sikio.

Mwalimu aliinama akatazama vizuri, nadhani alitamani vifike. Kisha akaniambia, "Bado kidogo, mama."

Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha njiani. Nilikiokota utotoni, tulipokuwa tukiwauzia maji wapagazi wa misafara waliopita kwetu. Jioni wapagazi wakipika, sisi watoto tulikaa pembeni tukisubiri ukoko, nao walitupigia kelele, "Bado kidogo, bado kidogo!" Na kweli, ukivumilia, chakula kinaiva, unapata. Hiyo ndiyo maana niliyoijua. Kwa hiyo nilimshukuru mwalimu, nikaenda kukaa na mwanangu kwenye ukuta wa darasa, tukasubiri.

Tuliwasikia watoto wakiimba herufi. Tulisikia harufu ya uji, kisha sauti ya vibuyu vikikwanguliwa. Mwanangu aliniuliza kama ni sasa, nikamwambia bado kidogo, kwa Kiswahili, ili aanze kuzoea. Alilipenda neno hilo, akawa analirudia huku anachora mchangani kwa kidole. Watoto walitoka wakaenda zao. Jua lilipozunguka upande wetu, mwalimu alitoka kufunga mlango, akatukuta.

Alielewa kabla mimi sijaelewa. Alichuchumaa mbele yetu, akatafuta maneno machache ya Kigogo aliyoyajua, akanieleza kwamba alimaanisha mwakani. Mtoto akue kwanza. Akatazama jikoni, lakini sufuria lilikuwa limeoshwa na kufunikwa juani. Aliniambia akimpa uji mmoja asiye wa darasa, kesho nchi nzima itakuwa ukutani pale, na uji ni ule ule. Najua alisema kweli. Nilimchukia hata hivyo, na mpaka leo, nikimkumbuka, sehemu fulani ya moyo wangu inamchukia.

Nilidhani mama mkwe atanisimanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwonyeshe hicho kipimo. Akainua mkono wake mrefu, akaupitisha juu ya kichwa, akakamata ndewe yake kwa nguvu.

"Mimi nimefaulu," alisema. "Kaniletee huo uji."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nadhani ndiyo mara ya mwisho tulipocheka kwenye nyumba ile. Kesho yake asubuhi nilimkuta amempakata mjukuu wake, anamkanda mkono kuanzia bega mpaka kwenye vidole, anauvuta polepole kama mtu anayenyoosha kamba mpya. Yeye aliyekataa ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Kila asubuhi alimkanda, kisha alimwamuru ajaribu, na mtoto alijaribu. Mwanangu aligundua kwamba akiinamisha kichwa upande, vidole vinagusa. Alikuja kunionyesha mbio. Bibi yake akamshika kichwa akakinyoosha, akamwambia mwalimu ana macho.

Mume wangu alirudi akiwa amekonda, mzigo wake wa nafaka mdogo kuliko tulivyoota. Hatukumwambia habari ya misheni, lakini alimwona mama yake akivuta ule mkono, akauliza, akaambiwa. Nilingoja ukali. Alisema hata tungemngoja yeye arudi, mtoto wangemkataa vile vile, kwa hiyo hakuna aliyekosea. Sikujua kwamba mtu anaweza kusamehe kwa namna inayokuvunja moyo hivyo. Haukupita muda, jumbe akatuma watu wake kukusanya wanaume wa kubebea boma mizigo, na mume wangu akachukuliwa.

Mvua zilizofuata zilikuja vizuri kabisa, zikanyesha juu ya mashamba matupu, maana mbegu tulikuwa tumeila. Tulipanda tulichopewa na ndugu, kiganja hiki na kile. Watoto wa misheni niliwaona njiani wakirefuka. Miguu yao ilikuwa inang'aa. Wangu alikuwa anakaa sana. Alikuwa ameacha kukimbia, ila mdomo wake haukupungua, na asubuhi bado alimpelekea bibi yake mkono bila kuitwa.

Mwaka ulipozunguka nilimpeleka tena. Safari hii hapakuwa na mabishano. Mama mkwe mwenyewe alimfunga nguo, akatusindikiza mpaka mwisho wa shamba. Nilimbeba karibu njia yote, na nakumbuka nilifurahi kwamba ni mwepesi, kwa sababu ya mgongo wangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Mwalimu alikuwa yule yule. Alinitambua, akaniamkia, akamtazama mtoto akatabasamu.

"Huyu ndiye mdogo wake yule wa mwaka jana?" aliuliza.

Kiswahili changu kilikuwa kimekua mwaka ule, angalau hicho. Nilielewa kila neno. Nikamwambia, "Ni yeye."

Mwanangu hakungoja kuambiwa. Aliinua mkono, akaupitisha juu ya kichwa, kichwa kimenyooka kama alivyofundishwa, akakazana. Vidole viliishia pale pale kwenye nywele. Mkono ule haukuwa umekua hata kidogo. Ungekuaje? Chakula cha kuukuza kilikuwa ndani ya mlango ambao mkono ule ndio ulikuwa ufunguo wake. Mwalimu aliushika, akaushusha taratibu, akaniambia aingie. Hakutazama tena sikio.

Kwa hiyo aliingia kabla ya wakati wake, kwa kipimo chao. Alipewa kibuyu kama wenzake. Nilimwangalia kutoka mlangoni akinywa, akanitazama juu ya ukingo wa kibuyu kwa macho ya ushindi. Siku ile ile tumbo likakataa. Likakataa na siku zilizofuata, hata mwalimu alipompunguzia akampa uji wa majimaji. Tumbo lililosahau chakula ni gumu kulikumbusha. Upepo wa kipupwe ulipoanza alikuwa hawezi tena kwenda, na kabla haujaisha tulimzika nyuma ya tembe. Alikuwa amejifunza herufi tatu au nne, na alizisema kwa Kiswahili kizuri cha pwani.

Mama mkwe ndiye aliyemwosha. Mimi nilikaa ukutani. Nilimwona akishika ule mkono akaanza kuukanda kutoka begani, akauvuta kama alivyozoea kila asubuhi, kisha akakumbuka. Mikono yake ikasimama. Aliuweka ubavuni mwa mtoto, akaendelea na kazi.

Nilizaa wengine baadaye, wakaenda shule, mmoja wao ndiye aliyemzaa mjukuu huyu anayeniuliza. Kusoma nilikujifunza mimi mwenyewe ukubwani, kwa hasira. Watoto wote waliokulia kwangu wanajua kwamba chungu kikiwa motoni siwajibu kwa neno lile la wapagazi. Nasema kinaiva, nasema subirini, lile silisemi. Hawajawahi kujua kwa nini, wanadhani ni maringo ya lugha.

Mjukuu wangu aliona simpi neno. Alimshusha mwanawe mgongoni, akamsimamisha mbele yangu. Ni mtoto mnene, mwenye mashavu. Nilimwambia ainue mkono aupitishe juu ya kichwa. Alifanya hivyo huku anacheka, na vidole vikaishia kwenye nywele, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa umri wake.

Mama yake akamtazama, akatabasamu. "Naona bado kidogo, bibi," alisema. "Tusubiri mwakani."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni kupuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.