Paka Asiyesikia Amri

Rwakabuba, mzee wa kanisa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alijisifu kwamba kule Kivu hata mafahali wakali walimtii. Basi akaleta kutoka Mbarara paka mdogo aliyekulia jalalani, na paka akajificha chini ya kitanda wiki tatu. Mzee alilala kifudifudi, kichwa mvunguni, akimwamuru, "Toka!" Akatoka yeye, pua imeparuliwa.

Mkewe, Mukashema, hakuamuru kitu. Alikaa sakafuni akichambua maharagwe, dagaa kidogo kando yake, mpaka siku moja paka akampandia mapajani.

Jumapili mzee akashuhudia kanisani kwamba amemtuliza mnyama kwa maombi. Waumini wakamfuata nyumbani kuona.

"Umuite basi, papa," Mukashema akamwambia mumewe kwa Kiswahili cha kwao Kivu, "batu bamuone."

Mzee akamwita kwa sauti ya mimbari. Paka akarukia dirishani, akatoweka. Mzee akawaambia amemtuma akawinde panya.