Jina la Chumba cha Kufulia

Mume wangu ni fundi bomba, na jina lake la kuzaliwa nadhani tunalikumbuka mimi na mama mkwe tu. Wengine wote humwita Spana. Tunaishi familia kumi na mbili ndani ya ua mmoja: kila mtu na vyumba vyake, lakini jiko kubwa, sebule na chumba cha kufulia ni vya wote. Vya wote kutumia, maana kikiharibika kitu kinakuwa cha Spana.

Siku moja tuliitana sebuleni kuvipa vyumba hivyo majina. Haya! Sebule ikaitwa Umoja, baada ya kugombana saa nzima. Jiko likaitwa Upendo, na aliyependekeza ni mwalimu, ambaye sijawahi kumwona akiosha hata kijiko. Kikabaki chumba cha kufulia. Spana akakohoa. Nilijua anachotaka, wiki nzima alikuwa akininong'oneza jambo hilo hilo. Miaka saba amezibua mabomba yale bila hata asante, na alitaka jina lake pale mlangoni, basi.

"Kiitwe Kwa Spana," nikasema, maana mwenyewe aliona haya.

Mwenyekiti, muuza vitambaa mwenye maneno matamu, akafungua daftari la kanuni. "Shemeji, tunampenda sana. Ila kanuni ni kanuni: jina la mtu tunaweka la aliyefariki au aliyehama. Aliyepo anaweza kutuaibisha."

"Kwa hiyo mnataka afe?" nikauliza. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaka.

Spana akainuka. Mpole yule akikasirika hana breki. "Basi nahama! Mwisho wa mwezi sipo!"

Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia. Lakini nilimwelewa: alitaka wamshike mkono, wamwambie, hebu kaa chini bwana, utatuacha na nani?

Mwenyekiti akafunga daftari. "Hapo kanuni haina neno. Wanaokubali kiitwe Kwa Spana?"

Mikono ikapanda yote, hata wa mwalimu. Makofi yakapigwa. Katibu akauliza kama ule waya wa kuzibulia mabomba tutawaachia.

Spana alibaki amesimama, anaangalia uso mmoja baada ya mwingine, anangoja. Nilimwonea huruma. Nikamshika mkono mimi. "Twende, baba," nikamwambia, "tukafunge mizigo."