Mlango wa Chumba cha Kujifungulia

Asubuhi ile naikumbuka kama kitu nilichokiona nikiwa nusu usingizini. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na watu walikuja mkutanoni mmoja mmoja, unasikia sauti kwanza, ndipo unaona sura. Mwanangu wa miezi minne alikuwa amelala mgongoni mwangu.

Mganga wa zahanati yetu alitandaza ramani mezani. Wodi ya wazazi ingejengwa upya, akasema, na safari hii walitaka kwanza watusikie sisi tunaotibiwa pale. Wanaume wakazungumzia maji na uzio. Kisha akanigeukia.

"Mama, wewe umejifungulia hapa juzi juzi. Unasemaje?"

Baba mkwe wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kwetu mwanamke hasemi mambo ya uzazi mbele ya baba mkwe. Hata hivyo nilisimama. Nilijisikia nikiongea kwa mbali, kana kwamba ni mtu mwingine aliyekuwa huko nje ukunguni.

"Mlango wa chumba cha kujifungulia unatazamana na benchi la wagonjwa," nilisema. "Kila ukifunguliwa, wanaosubiri wanakuona. Mimi nilijizuia kulia mpaka nikang'ata kanga."

Fundi wa majengo aliyetoka wilayani akasema kwa upole kwamba ramani ilishapitishwa.

Baba mkwe akainuka, kofia mkononi.

"Siku ile nilikuwa kwenye benchi hilo," alisema, bila kunitazama. "Mlango ulipofunguliwa nilitoka, nikasimama kwenye mibuni, mvua ikaninyeshea mpaka mtoto alipozaliwa. Huyu alinyamaza kwa ajili yetu tuliokaa pale. Haifai."

Mimi miezi yote hiyo nilidhani alichelewa kufika.

Fundi akachukua penseli, akachora mlango mwingine upande wa shambani, akaahidi kuirudisha ramani kwa wakubwa wake. Ilichukua muda mrefu, na uzio haujajengwa mpaka leo. Lakini mlango ulihamishwa.

Siku ile ya mkutano tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, njia ikiyeyuka hatua chache mbele yetu. Nilitaka kumshukuru.

"Shikamoo, baba," nikasema, ingawa tulishasalimiana alfajiri.

Akapunguza mwendo. "Marahaba, mwanangu."