Wakili wa Zimwi

Jina la Wakili alilipata Datius Mutembei katika ukumbi wa parokia, pale Kagoma, mwaka uliofuata vita vya Kagera. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia jeupe na kuwafafanulia watu filamu kwa Kihaya na Kiswahili, kwa kuwa ndani yake walizungumza Kiingereza kitupu. Zilizopendwa zaidi zilikuwa filamu za mazimwi, na hizo Datius alizifafanua kwa namna yake. Watu wa kwenye filamu walipobeba mienge kulifuata jitu pangoni, alisema polepole, "Tazameni vizuri. Jitu hilo halijamgusa mtu bado."

Sauti ikamjibu kutoka nyuma, "Wakili, mteja wako amekamatwa, mtafutie dhamana."

Ukumbi ukacheka, na jina likabaki.

Hata hivyo walimsikiliza. Wengi wao walikuwa wametoka ukimbizini wakakuta nyumba zao majivu, na moto wa kwenye pazia haukuwafurahisha sana. Datius aliwaonyesha kwamba kwa nusu nzima ya filamu zimwi halionekani. Kinachoonekana ni watu wakifunga milango. Hofu yao, alisema, ndiyo inayolikuza.

Kufika mwaka 1988, jenereta ya ukumbi ilikuwa imekufa siku nyingi, na Datius alikuwa amechoka. Alikuwa amezika wadogo zake wawili na shemeji mmoja, na misiba ya majirani alikuwa ameacha kuihesabu. Ndipo dada yake Klaudia, aliyekuwa mshonaji Bukoba mjini, akarudi nyumbani amekonda, ana Ukimwi, ugonjwa ambao wakati huo watu waliuita Juliana. Datius akampa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama migomba. Alitaka jambo moja tu: siku zilizobaki, Klaudia asiishi kama mtu aliyefukuzwa.

Alasiri moja jirani yao Ephrasia, Mama Philbert, alikuja kumjulia hali. Klaudia alimkaribisha kama mgeni anavyokaribishwa Uhayani, akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa kavu ya kutafuna. Ephrasia alichukua punje mbili, akashukuru, akazifumbata mkononi mpaka alipoaga. Alipofika kwenye mibuni akazidondosha. Klaudia alimwona dirishani. Datius naye alimwona, na uchovu wake wote ukageuka hasira.

"Namfuata," alisema. "Nitamwambia mbele ya mumewe."

"Utamwambia nini, kaka?"

"Kwamba kahawa haiambukizi."

"Mwache Mama Philbert. Amekuja, amekaa, ameniuliza nimeshindaje. Wewe niambie, kikombe changu kinakaa wapi?"

Datius akageuza macho upande wa jiko. Kikombe kilikuwa kwenye msumari nje ya jiko, peke yake, tangu siku Klaudia aliyorudi. Datius alikitundika yeye mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, na kila asubuhi alikiosha mbali na vingine akijiona mtu mwangalifu.

"Yule wa kwenye filamu ulimtetea mpaka sauti ikakukauka," Klaudia alisema, bila ukali. "Au mawakili hawapokei kesi za ndugu?"

Datius aliketi kwenye ukingo wa kitanda.  Akatia mkono kikapuni, akachukua punje, akatafuna.

"Niliogopa," alisema hatimaye.

"Najua, waitu, kaka yangu."

"Hata sasa naogopa."

"Hilo nalo najua. Chukua nyingine."

Walitafuna pamoja, uchungu wa kahawa ukiwajaa kinywani, mpaka Klaudia akalala. Datius akamfunika miguu, akaenda jikoni. Alikitoa kikombe msumarini, akakiweka katika beseni pamoja na vikombe vyote vya nyumba, akamimina maji ya moto na kuanza kuosha. Alivisuuza, akavifuta kimoja kimoja, akavipanga rafuni, kisha akamwaga maji kwenye shina la mgomba na kuliinamisha beseni likauke.